Farasi ananijia kwa bega kila nikimrudisha nyuma: wenye uzoefu wa mazoezi ya chini naombeni msaada

Mnyalu wa Mafinga

Kamwene wakuu, na habari za jioni kwa wasio wa nyumbani.

Niko Mufindi, nje kidogo ya Mafinga, natunza farasi kwenye shamba la mtu. Nimekulia kwenye ng'ombe wa maziwa, hawa nimekabidhiwa baada ya jamaa aliyekuwa nao kurudi kwao Arusha. Wako wanne. Watatu waungwana, hata mtoto anawashika. Wa nne ni jike la kijivu ametoka shamba lingine, tunamwita Madamu kwa sababu ukiingia bandani anakukagua kuanzia gambuti mpaka kofia ndipo aamue kama leo utamgusa.

Bosi amesema asipandwe mpaka atulie mkononi, na mimi sina haraka ya kuvunjwa mbavu. Nimekuwa nikiangalia video za Wazungu, yale mazoezi ya kumfundisha farasi ukiwa umesimama chini bila kumpanda: kumrudisha nyuma kwa kutikisa kamba, kumsogeza nyonga, kumwambia simama kwa mwili wako tu. Kwenye video mtu anatikisa kamba kidogo, farasi anainamisha kichwa na kurudi nyuma taratibu. Madamu nikitikisa kamba ananyanyua kichwa juu, shingo inakakamaa, jicho linatoa weupe, halafu badala ya kurudi nyuma anakuja mbele kwa bega. Juzi alinikanyaga. Gambuti haikusaidia kitu, ukucha wa kidole gumba umeshakuwa mweusi.

Jambo la pili. Njia ya kwenda malishoni inapita kando ya mashamba ya chai. Wachumaji wanavaa zile aproni za plastiki, mtu akitembea zinafanya "kwaru kwaru" kwenye majani. Madamu akisikia tu anasimama, masikio mbele, anakoroma puani, kisha anaanza kunizunguka na mimi niko katikati nashikilia kamba. Lori la magogo kutoka Sao Hill linapita na matela yake, vumbi na breki za upepo, wala hajali. Nashindwa kumwelewa.

Mazoezi nafanyia kwenye kiwanja cha nyasi nyuma ya banda, asubuhi ukungu ukishapanda. Kina uzio wa mabanzi pande tatu, upande wa nne wazi. Natumia hatamu ya nailoni aliyokuja nayo, haina chuma cha mdomoni, na kamba ya manila.

Ninachotaka kujua: mwili wangu usimame wapi, mikono iwe wapi, na nitajuaje kwamba ameelewa na siyo kwamba amechoka tu? Jamaa wa hapa shambani ananiambia huyu hana heshima, anataka fimbo. Sitaki kufika huko kabla sijasikia wenye uzoefu.

Kijiwe Ipogolo

Mkuu uza nunua bodaboda. Haikanyagi mtu ukucha na haiogopi aproni.

Mnyalu wa Mafinga

Bodaboda ya huku inakula petroli, Madamu anakula nyasi za bosi. Leteni mawazo wakuu.

Mama Punda Igurusi

Mwanangu pole na kidole. Mimi farasi sijawahi kufuga, nina punda wa kubebea mpunga huku Usangu, ila nina neno moja kuhusu hiyo fimbo.

Punda akiogopa anasimama. Anaganda hapo hapo, humtoi. Watu wanampiga wakidhani ni kiburi, kumbe kaona kitu na anakitafakari. Ukimwachia muda akamaliza kukitafakari, anapita mwenyewe. Farasi naambiwa ni kinyume, miguu inatangulia ndipo akili ifuate. Sasa huyo wako unamshikilia kwa kamba fupi pale anapotaka kukimbia, miguu itaenda wapi kama siyo kukuzunguka wewe? Hapo mimi naona anajitahidi sana, angetaka angekuburuza mpaka Makambako.

Kuhusu fimbo, mnyama aliyepigwa akiwa na woga hajifunzi kuacha kuogopa. Anajifunza kwamba kwenye aproni kuna na fimbo pia. Wenye farasi watakuja kukueleza vizuri zaidi.

Mnyalu wa Mafinga

Shikamoo Mama. Hilo la kamba fupi nimelishika, asante sana.

Mzee wa Vigwe

Kijana, hujambo. Nimeshika farasi tangu nina nywele kichwani, Arusha kwanza, baadaye Iringa. Sasa nalima viazi Njombe lakini watu wenye farasi bado wananipigia simu usiku. Umeuliza vizuri, umeeleza mpaka jicho linavyotoa weupe, basi nami nitakujibu kwa kirefu. Mwenye haraka aende kwenye uzi wa mpira.

Anza kwa kumwambia huyo jamaa yako aache neno heshima. Farasi anahesabu nafasi: nani kasogea, nani kabaki. Chukua kiti, kaa nje ya uzio wakati hao wanne wanawekewa nyasi. Utamwona mmoja, mara nyingi ni jike la makamo, ndiye anayeamua nani ale wapi. Mwangalie anavyofanya. Anaanza na sikio moja. Mwenzake asipoondoka, analaza yote mawili na kunyoosha shingo. Asipoondoka tena, anapiga hatua moja kuelekea nyonga yake. Teke ni la mwisho kabisa na kwa siku nzima unaweza usilione. Na mwenzake akisogea tu, palepale yule jike anarudi kula, masikio yamelegea, hakuna kinyongo.

Sasa wewe na hiyo kamba inayoruka usoni mwake umeanzia wapi? Umeanzia kwenye teke. Video hazikuonyeshi zile wiki za mwanzo, zinakuonyesha farasi aliyekwisha kujua kwamba mtikisiko mdogo unatangulia mkubwa. Wako bado hajaambiwa. Anaona kitu kinaruka mbele ya pua na hajui akifanye nini.

Halafu unaposimama. Nakisia unasimama mbele yake, uso kwa uso, kwa sababu ndivyo video zinavyoonyesha. Macho ya farasi yako pembeni mwa kichwa, anaona karibu duara zima, nyuzi kama 350, lakini ana vipande viwili vya giza: nyuma ya mkia, na hapo hapo mbele ya paji la uso mpaka chini ya pua. Ukisimama karibu katikati kabisa unapotea, ndiyo sehemu ya sababu ananyanyua kichwa, anakutafuta. Toka hapo. Simama pembeni kidogo, usawa wa kati ya jicho na bega, umbali wa mkono ulionyooshwa. Hapo anakuona vizuri na akiruka mbele haruki juu yako.

Kumrudisha nyuma, acha kutikisa kwa sasa. Shika kamba chini ya kidevu, pale inapofungwa kwenye hatamu, kidole gumba kikitazama chini. Sukuma taratibu kuelekea kifua chake, uzito wa kushikia yai tu. Subiri. Usiongeze, usipunguze. Atajaribu vitu: atanyanyua kichwa, atasukuma mbele, atageuza pua. Wewe mkono wako unabaki na uzito uleule. Kisha itakuja sekunde moja ambapo uzito wake unahama kwenda nyuma, mguu haujanyanyuka hata, kifua tu kimejivuta. HAPO HAPO achia. Mkono ufunguke kabisa, kamba ilegee mpaka uone inaning'inia. Shusha mabega, toa pumzi, angalia pembeni. Mwache asimame mpaka apepese macho au ameze mate.

Kila kitu kiko hapo kwenye kuachia. Anachojifunza farasi ni kile alichokuwa anafanya wakati presha inaondoka. Ukichelewa sekunde tatu, umemfundisha kile alichofanya kwenye sekunde ya tatu, na pengine ni kunyanyua kichwa. Na usipoachia kabisa, presha isiyokoma inakuwa honi ya daladala stendi: wiki ya kwanza watu wanageuka, baadaye hakuna anayejua hata kama inalia.

Sasa bega. Anakuja kwa bega, wewe unafanyaje? Unarudi hatua kuokoa vidole, mtu yeyote angefanya hivyo. Kwenye hesabu yake yeye, bega limekusogeza. Umemlipa mshahara, kesho atakuja kazini tena. Dawa yake siyo kusukumana naye kwa nguvu, ana kilo mia nne na zaidi. Dawa ni kumvua nguvu ya nyuma. Farasi anasukuma kwa miguu ya nyuma, na mguu wa nyuma wa upande wako ukivuka mbele ya mwenzake hawezi kukusukuma hata akitaka. Ndiyo maana hili la nyonga nalifundisha kabla ya mengine yote:

Simama usawa wa bega, mkono ulio karibu na kichwa umeshika kamba fupi kiasi cha pua kugeukia kwako kidogo. Angalia nyonga yake. Iangalie kweli, kwa macho na kitovu, usimwangalie usoni. Inama kidogo, piga hatua kuelekea nyonga. Akisogea, nyooka na usimame. Asiposogea, zungusha ncha ya kamba hewani kuelekea nyonga bila kumgusa. Bado, igonge nyonga kidogo kwa mdundo mpaka mguu uvuke. Mguu ukivuka mara moja, acha. Siku ya kwanza mvuko mmoja kila upande unatosha, na usidhani ukimfundisha kushoto kulia kumekuja bure. Utaona upande mmoja ni mzito kuliko mwingine.

Ukimsifu usimpige makofi shingoni, hiyo ni furaha yetu sisi. Mkune pale shingo inapokutana na mgongo, ndipo wanapokunana wenyewe kwa meno wakiwa malishoni. Akikunwa hapo mapigo ya moyo yanashuka, watu wamepima. Utaona mdomo wa juu unarefuka.

Kuhusu aproni na lori. Lori linakuja na ngurumo inayoanza mbali, inakua, inapita. Anajua liko wapi muda wote. Aproni inachakacha mara moja, chini chini, ndani ya majani, na kwenye majani ndimo simba alimojificha tangu farasi wameumbwa. Tena sikio lake linapata sauti nyembamba mpaka kilohezi 33, letu linaishia kama 20, kwa hiyo huo mkwaruzo yeye anausikia na vipande ambavyo wewe huvisikii.

Omba aproni moja ya zamani. Mpe mtu aivae, atembee MBELE yenu akienda zake, mbali, hatua ishirini au thelathini. Wewe na Madamu mnaifuata. Kitu kinachoondoka hakitishi sana, na kitu unachokifukuza mwenyewe kinatisha hata pungufu ya hapo. Masikio yakielekea mbele na shingo ikishuka, punguzeni umbali. Shingo ikipanda, mwenye aproni aongeze mwendo. Usimlazimishe kunusa. Siku atakapotaka kunusa atanusa, na huenda akaitafuna.

Cowboy wa Vwawa

Mzee heshima yako ila hayo ni mambo mengi mno. Mwingize kwenye duara, kile kiwanja cha mviringo chenye uzio, mwachie kamba, mkimbize mpaka alambe midomo na kushusha kichwa. Akilamba ujue amekubali wewe ni mkubwa. Geuka mpe mgongo, atakufuata mwenyewe. Monty Roberts, mfunza farasi wa Marekani, kajulikana dunia nzima kwa hilo, mwaka 1989 alialikwa na Malkia Elizabeth kule Windsor akaonyesha. Sasa sisi tunashinda na hesabu za sikio moja.

Mzee wa Vigwe

Roberts namjua na namheshimu kwa jambo moja kubwa, aliwaonyesha watu wengi kwamba farasi mbichi anaweza kukubali mtu bila kufungwa miguu na kupigwa. Lakini yule anasoma farasi huku anamkimbiza, anajua sekunde ya kuacha. Watu wanaomuiga wanaona mbio tu.

Na kulamba midomo si kukubali ukubwa wa mtu. Farasi akiingia woga mdomo unakauka. Woga ukipungua mate yanarudi, ndipo analamba na kutafuna hewa. Kwa hiyo kulamba kunakuambia kwamba sasa hivi katoka kwenye kubanwa kaingia kwenye kulegea. Ni habari njema, ila inakuambia pia kwamba dakika moja iliyopita alikuwa amebanwa. Ukimtisha mwenyewe ili uone analamba, sijui umepata nini.

Na soma swali vizuri. Kijana ana uzio wa mabanzi pande tatu, wa nne wazi, nyasi zina umande. Amkimbize humo? Atateleza avunje mguu, au atoke na upande ulio wazi mkamtafute Madamu Nyololo.

Cowboy wa Vwawa

Hilo la uzio sikuliona, hapo nakuunga mkono. Ila duara likiwepo bado natetea mbio kidogo, farasi mwenye nguvu za ziada hasikii la sikio.

Mzee wa Vigwe

Mwenye nguvu za ziada mwachie malishoni saa nyingi zaidi kabla hujamfundisha. Hapo tutakutana.

Daktari Mifugo Mbeya

Wakuu, nimesoma kimya kimya. Mimi ni daktari wa mifugo, nimesomea SUA, na farasi naowaona huku ni wachache lakini wapo. Kabla ya mazoezi yoyote naomba tuondoe maumivu kwanza.

Farasi anayenyanyua kichwa ghafla kamba ikitikiswa, mimi naanza na pua. Angalia ule mkanda wa hatamu unaopita juu ya pua umekaa wapi. Unatakiwa uwe chini ya mfupa wa shavu kwa upana wa vidole viwili hivi. Ukishuka zaidi unakaa pale mfupa unapokuwa mwembamba na kuishia kwenye gegedu, na kila mtikisiko hapo unauma. Papasa chini ya mkanda kwa kidole, na chini ya kila bizimu, vile vyuma vya kufungia mkanda. Tafuta nywele zilizokatika, kidonda, uvimbe.

Pili meno. Magego ya juu ya farasi yanachongoka upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi, kwa sababu ya jinsi anavyosaga. Yakichongoka yanachoma shavu kila hatamu inapobana kwa nje. Dalili ni kudondosha nyasi zilizotafunwa nusu, au kutafuna amegeuza kichwa. Akaguliwe walau mara moja kwa mwaka, na kuchonga ni kazi ya daktari, msichukue tupa la fundi.

Tatu, ni jike. Mzunguko wake ni siku 21 hivi, na kati ya hizo siku tano mpaka saba yuko kwenye joto. Kuna majike ambao siku hizo hawataki kuguswa ubavuni kabisa. Andika kwenye kalenda siku anazokuwa mkali, miezi miwili itakuambia kama kuna mpangilio.

Nne, anakula nini? Kama anapewa pumba za mahindi nyingi na kazi hafanyi, hizo nguvu zitatokea mahali. Na pumba zenye dalili yoyote ya kuvunda tupa. Kuna sumu ya kuvu wa mahindi inayoharibu ubongo wa farasi, ng'ombe anaweza kula kiasi hicho asionyeshe kitu, farasi akafa. Kwa vile wewe umetoka kwenye ng'ombe nalisisitiza hili. Jingine la huku kwetu: parachichi. Siku hizi kila shamba Njombe, Rungwe mpaka huko Mufindi kuna miparachichi. Tunda, jani, gome, vyote ni hatari kwa farasi. Usimfunge chini yake, usimpe maganda kama zawadi ya mazoezi. Karoti inatosha, ikatwe kwa urefu, siyo vipande vya mviringo vinavyoweza kumkaba.

La mwisho, usihamishie mazoezi jioni. Ugonjwa wa farasi wa Afrika unaenezwa na visubi, na visubi wanauma zaidi kuanzia jua linapozama mpaka alfajiri, hasa kipindi cha mvua. Baridi ya Mufindi inawapunguza, haiwamalizi. Farasi aliyekuwa hajapata kinga akiugua aina kali, wengi hufa. Jua likielekea kuzama wawe bandani. Mama wa Igurusi, punda wako wana unafuu mkubwa kwenye huu ugonjwa, mara nyingi hata hawaonyeshi.

Mama Punda Igurusi

Nimesikia daktari. Punda ana unafuu kwa mengi, ila hakuna anayemwomba apige picha na mtalii.

Mnyalu wa Mafinga

Wakuu nimerudi. Shikamoo Mzee wa Vigwe, samahani nilichelewa, mtandao huku ukinyesha unaondoka.

Daktari, Mungu akubariki. Nilipapasa chini ya mkanda. Upande wa kulia, chini ya bizimu, kuna sehemu ya ukubwa wa sarafu haina nywele, ngozi imekuwa nyekundu, na mkanda wenyewe ulikuwa umeshuka mpaka pale pua inapoanza kuwa laini. Nilipoigusa aliivuta pua yake haraka, hakung'ata. Bosi kamwita daktari wa wilaya, meno kasema yanahitaji kuchongwa, imepangwa. Hatamu nimeisogeza juu na kuvalisha bizimu kitambaa cha kanzu ya zamani. Kidonda kinapoa.

Mzee, nilikaa na kiti siku wanapewa nyasi. Anayeamua ni Madamu. Nilidhani ni yule dume mkubwa aliyehasiwa, kumbe yule akiona sikio la Madamu limelala tu anahama na mdomo umejaa.

Kwenye kamba chini ya kidevu, siku ya kwanza alisukuma mbele muda mrefu mpaka mkono wangu ukaanza kutetemeka. Kisha kifua kikajivuta kidogo, kitu ambacho ningekuwa nimesimama mbele nisingekiona. Nikaachia. Alisimama, jicho likawa dogo, akameza. Sasa hivi nikigusa tu pale chini anarudi hatua mbili, kichwa chini. Nyonga kushoto inavuka vizuri. Kulia ni tabu, anasogea mwili mzima badala ya kuvuka, anakwenda mbele na mduara unakuwa mkubwa.

Aproni bado. Dada mmoja mchumaji amekubali kutembea mbele yetu jioni akitoka kazini, sasa kwa hilo la visubi nitamwomba tufanye asubuhi kabla hajaingia shambani. Tumeifuata mara chache, umbali bado ni mkubwa, lakini kunizunguka kumepungua.

Maswali mawili. Kulia nifanyeje? Na kamba ya manila inanichubua viganja akivuta ghafla, nimezoea kuizungusha mkononi mara moja ili isiteleze, kuna njia nyingine?

Mzee wa Vigwe

Marahaba. Umefanya kazi.

La pili kwanza kwa sababu ndilo linaloua. USIZUNGUSHE kamba mkononi, hata mara moja, hata kwa farasi mzee kipofu. Akishtuka kile kitanzi kinakaza na huwezi kukifungua, anaondoka na vidole au anaondoka na wewe mzima. Ikunje mikunjo ya kwenda na kurudi juu ya kiganja, mkono uishike katikati, ukifungua vidole inadondoka yote. Urefu mita tatu na nusu mpaka nne, ili akishtuka umpe nafasi ya kusogea bila wewe kuburutwa. Manila ngumu mpe mwenye ng'ombe, tafuta ya pamba au ya nailoni nene iliyosukwa, ukubwa wa kidole gumba.

Kulia: anakwenda mbele kwa sababu wewe uko nyuma sana ya bega, unamsukuma aende. Rudi karibu na shingo, pua iwe imegeuka kwako zaidi kidogo, na umsogelee nyonga kwa mduara mdogo, usitembee naye sambamba. Akianza kwenda mbele usimvute, mpeleke kwenye uzio wa mabanzi paji likiwa limeelekea ubaoni, mbele kunakuwa hakuna njia. Hapo omba tena mvuko mmoja. Tena kumbuka kidonda kilikuwa kulia. Inawezekana upande huo anajilinda kwa mazoea hata kama maumivu yameisha. Mpe muda kuliko kushoto, na ukianza siku anza na kushoto.

Daktari Mifugo Mbeya

Na kulia subiri mpaka meno yachongwe, kisha mpumzishe siku kadhaa. Mpaka hapo fanya kushoto na kurudi nyuma tu, kwa uzito mdogo.

Mnyalu wa Mafinga

Sawa wakuu. Na glovu je, zile za bustani zinafaa?

Cowboy wa Vwawa

Za bustani zenye mpira kiganjani zinashika kamba mpaka zinakuunguza. Nunua za ngozi za mafundi wa kuchomelea vyuma, duka lolote la vifaa vya ujenzi hapo Mafinga wanazo. Chagua zile fupi, ndefu zitakuzuia kufungua mkono haraka.